Max Martin na mizani za wimbo wa pop

Kabla Kiingereza hakijaniingia sawasawa, nilikuwa naimba "temi wai, eni nathi bata hatei" kwa sauti ya juu na uchungu mwingi, kama mtu aliyeachwa jana. Sikujua ninasema nini. Nilijua tu kwamba jambo lenyewe ni zito, maana sauti zilipanda pale moyo ulipotaka zipande na zikashuka pale pumzi ilipokwisha. Miaka ikapita, lugha ikanikaa, nikaurudia wimbo ule kwa hamu ya mtu anayefungua barua aliyoitunza muda mrefu. Barua haikuwa na kitu ndani. "I Want It That Way" ya Backstreet Boys haieleweki. Kwenye ubeti mwimbaji anasisitiza kwamba anataka iwe hivyo. Kwenye kiitikio anasema hataki kabisa kusikia mwenzake akitamka kwamba anataka hivyo. Hivyo vipi? Nani anataka nini? Ukikaa na kalamu na karatasi utachoka bure.

Nilidhani nimegundua siri. Kumbe wenyewe walijua tangu mwanzo. Kabla wimbo haujatoka mwaka 1999, kampuni yao ya kurekodi, Jive, ilinung'unika kwamba maneno hayashikiki, akaitwa Mutt Lange, prodyuza mkongwe aliyewatengenezea AC/DC, Def Leppard na Shania Twain, asaidie kuyaweka sawa. Yakaandikwa maneno mengine, yenye akili timamu, yakaimbwa na kurekodiwa. Vijana wa Backstreet Boys wakasikiliza matoleo yote mawili, wakachagua lile lisilo na maana. Lile ndilo lililoenda duniani kote.

Waliolitunga ni Waswidi wawili, Andreas Carlsson na Max Martin. Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa sababu naona watu wengi wanamsifu kwa jambo lisilo lake na kumlaumu kwa jambo lisilo lake. Wanaomsifu humwaga takwimu. Wanaomlaumu husema ana fomyula, kwamba nyimbo zake ni za kiwandani. Mimi kwangu Max Martin ni mtu ambaye mzee yeyote wa Kiswahili aliyewahi kukaa na shairi angemtambua mara moja: ni mtunzi wa kimapokeo, mtu wa mizani na vina, ambaye neno hulipima kwa sikio kwanza, kisha, muda ukiruhusu, akauliza linasema nini.

Jina lake la kuzaliwa ni Karl Martin Sandberg, amezaliwa mwaka 1971, akakulia nje kidogo ya Stockholm. Muziki aliupata katika shule za muziki za manispaa, zile ambazo mtoto yeyote wa Sweden aliweza kwenda kujifunza chombo kwa gharama ndogo, na yeye mwenyewe amekuwa akisema hadharani kwamba elimu hiyo ya umma ndiyo iliyomfanya awe alivyo. Alipuliza baragumu, akapiga ngoma, akapiga kinanda. Ujanani aliimba katika bendi ya roki nzito iliyoitwa It's Alive. Nywele ndefu, magitaa, kelele. Bendi haikufika mbali, lakini iliwafikisha kwenye mlango wa studio ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Dag Volle, aliyejulikana kwa jina la Denniz PoP. Bila yeye makala haya yasingekuwepo. Denniz hakuwa mpigaji wa chombo chochote. Alikuwa DJ. Elimu yake yote aliipata kwa kuwatazama watu kwenye sakafu ya disko: wimbo gani unawainua, sekunde ya ngapi wanakaa chini, wapi mtu anakatisha mazungumzo na kugeuka. Mwaka 1992 yeye na Tom Talomaa walianzisha studio ya Cheiron katika mtaa wa Kungsholmen, Stockholm. Kuna kisa chake kinachosimuliwa sana, nami sichoki kukirudia. Kikundi cha Ace of Base kilimpelekea kaseti ya demo, yaani rekodi ya majaribio. Hakuipenda. Lakini kaseti ikakwama kwenye redio ya gari lake, ikagoma kutoka, akawa hana budi kuisikiliza kila anapokwenda kazini na kila anaporudi. Baada ya siku kadhaa sikio likaanza kuona kitu. Wimbo ule ukatengenezwa upya ukawa "All That She Wants", na Ulaya nzima ikauimba. Kaseti iliyokwama ilimfanya asikilize kama raia wa kawaida anavyosikiliza redio: bila kuchagua, akiwa na mambo mengine kichwani.

Denniz ndiye aliyemchukua yule kijana wa roki, akambatiza jina la Max Martin na kumweka studio. Kijana hakujua hata prodyuza anafanya kazi gani. Alikaa miaka miwili hivi akijifunza usiku na mchana, kama mwanagenzi anavyokaa kwenye karakana ya seremala, anafagia maranda huku jicho liko kwenye randa. Wakakamilishana. Mmoja alijua mwili wa msikilizaji unataka nini. Mwingine alijua nota, kodi (zile nota zinazopigwa kwa pamoja) na namna ya kupanga sauti. Denniz alifariki kwa saratani ya tumbo Agosti 1998, akiwa na miaka 35. Kazi kubwa kuliko zote iliyotoka katika karakana yake ilifika sokoni muda mfupi baadaye, bila yeye kuiona.

Kazi hiyo ni "...Baby One More Time" ya Britney Spears, na hapa naomba msomaji anivumilie tutulie kidogo.

Chukua kiitikio chake. Mstari wa kwanza: "My loneliness is killing me." Hesabu silabi kwa vidole. Nane. Mstari wa pili: "I must confess I still believe." Nane tena. Sasa kata kila mstari katikati, upate nne na nne. Nusu ya kwanza ya mstari wa kwanza inaishia kwenye sauti ya "-nes", na nusu ya kwanza ya mstari wa pili inaishia "-fes". Nusu za mwisho zinaishia "mi" na "liv", ambapo ile "v" mwimbaji anaimeza kiasi kwamba sikio linabaki na "i" ndefu. Maana yake tuna mizani nane kwa nane, tuna vina vya kati, tuna vina vya mwisho. Hii ni mishororo miwili ya utenzi! Ungempa mtunzi wa zamani, asiyejua Kiingereza hata salamu, angetikisa kichwa na kusema huyu bwana amehesabu.

Na kweli huhesabu. Wenye kazi hiyo wameipa jina, wanaiita hesabu ya melodi. Bonnie McKee, aliyeandika naye nyimbo kadhaa za Katy Perry, ameeleza kwamba ukikaa na Max Martin mstari wa pili lazima uwe kioo cha wa kwanza: idadi ileile ya silabi, uzito mahali palepale. Ukiongeza silabi moja ili sentensi ikae vizuri, kwake umeiua melodi. McKee aliandika upya maneno ya "Teenage Dream" mara kadhaa kabla hayajakubaliwa. Mtu aliyewahi kupeleka shairi kwa mhariri mkali wa ukurasa wa mashairi, likarudishwa kwa sababu mshororo wa tatu umezidi mizani moja, anaijua adha hiyo vizuri.

Ushairi wetu una ruhusa zake. Mizani zikizidi, mtunzi anafanya inkisari, analifupisha neno. Zikipungua anafanya mazida, analirefusha. Sarufi ikimbana anaiboronga, anatanguliza kilichopaswa kufuata, na hakuna anayempeleka polisi. Max Martin amejipa ruhusa hizo zote katika lugha ambayo si yake, na wenye lugha yao wakabaki wameshika kiuno. Mwaka 2014 Ariana Grande alipewa kuimba "Break Free", wimbo alioufanya na prodyuza Zedd, wenye mstari unaoishia "who I really are". Kisarufi ni kosa ambalo mtoto wa shule angepigiwa mstari mwekundu. Grande mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyobishana naye kwamba hawezi kuimba Kiingereza kibovu namna ile. Alibishana, kisha akaimba. Neno sahihi lilikuwa na silabi ileile moja, kwa hiyo hapa suala halikuwa idadi. Ni kwamba "am" inafunga midomo, na "are" inaiacha wazi, na kwenye kilele cha wimbo wa dansi unataka mdomo uliofunguka. Jaribu mwenyewe, uimbe zote mbili kwa nguvu, uone ipi inakuacha na pumzi.

Hapo ndipo naona watu wanapokosea wanaposema Mswidi huyu anaandika Kiingereza kibovu kwa sababu hakijui. Anakijua. Ila alikifikia kama nilivyokifikia mimi na "temi wai" yangu: kama sauti, miaka mingi kabla hakijawa maana. Mzungumzaji wa kuzaliwa akisikia neno, maana inamrukia kabla hajalisikia vizuri umbo lake. Mgeni analisikia umbo kwanza, irabu yake, mlio wake, linavyogonga. Na wengi wanaosikiliza nyimbo hizi duniani ni wageni wa Kiingereza, kama yeye. Alijiandikia sikio lake, kumbe ndilo sikio la walio wengi.

Ugeni huo una gharama, na kile kiitikio cha Britney kina mfano wake. "Hit me baby one more time." Kwa masikio ya Stockholm, "hit me" ilikuwa lugha ya mitaani ya kuomba kupigiwa simu. Kwa masikio ya Marekani ilikuwa binti anayeomba kupigwa. Wimbo ulipelekwa kwanza kwa kundi la TLC, wakaukataa. T-Boz, mmoja wa waimbaji wa kundi hilo, amesema hakuona namna ambavyo angeimba maneno yale. Ukaangukia kwa msichana wa miaka 16 kutoka Louisiana, na kampuni, kwa kuogopa tafsiri hiyo, ikayaondoa maneno mawili ya mwanzo kwenye jina la wimbo ikaweka nukta tatu mahali pake. Nukta zile tatu bado zipo hadi leo kwenye kila orodha ya nyimbo kubwa. Mimi nazitazama kama kovu la mshono, pale mizani ilipoishinda maana na mtu wa masoko akaja na sindano kushona kilichobaki.

Maana inapokuwa na mtetezi wake mwenye nguvu, mambo hunoga zaidi. Mtetezi mkubwa kuliko wote aliyekutana naye ni Taylor Swift, mwandishi ambaye ametoka kwenye muziki wa kantri, kule ambako wimbo ni hadithi na hadithi lazima ifike. Walianza pamoja na albamu ya mwaka 2012, na "We Are Never Ever Getting Back Together" ukawa wimbo wa kwanza wa Swift kushika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo ya Marekani. Miaka miwili baadaye ikaja albamu ya "1989", na ndani yake "Blank Space". Ule ndio wimbo ninaoupenda kuliko yote aliyowahi kuugusa, maana unasikia watu wawili wakivutana kamba: mmoja ana kejeli na kisa cha kusimulia, mwingine ana mizani.

Na mara moja kamba ilikatika. Kuna mahali Swift anasema ana orodha ndefu ya wapenzi wa zamani. Ili mstari ukae kwenye mapigo, mkazo umesogezwa ukatua pasipo pake, na mamilioni ya watu, Waingereza na Wamarekani halisi, wakasikia anasema kitu kuhusu wapenzi wa Starbucks, ule mgahawa wa kahawa. Swift alikiri kwamba hata mama yake alisikia hivyo. Sisi wa Kiswahili hatuna sababu ya kuwacheka. Tunajua mkazo unavyoweza kukutoa njiani: ukiukaza "barabara" kwenye silabi ya pili toka mwisho unatembea juu yake, ukiusogeza nyuma silabi moja unasema mambo yako sawasawa kabisa. Melodi ikiamua mkazo uwe wapi, mwenye neno hana usemi.

Nirudi kwenye ufundi, maana mizani peke yake haitoshi. Zipo tenzi nyingi zenye mizani kamili zinazolaza watu. Kitu kingine alichonacho ni namna ya kumfanya msikilizaji ahisi anaufahamu wimbo kabla haujafika. Amewahi kutoa mfano wa Prince, "I Wanna Be Your Lover", ambamo ubeti na kiitikio vina melodi ileile, lakini nguvu inayozunguka melodi inabadilika hivyo hutambui. Kiitikio kinapoingia kinakuwa kipya na cha zamani kwa pamoja. Sikiliza "Shake It Off" ukijua hilo. Kodi ni tatu tu, zinazunguka mwanzo hadi mwisho bila kubadilika. Kinachobadilika ni nani yupo chumbani: ngoma na sauti moja, kisha vinaongezeka vya kupulizwa, kisha umati, kisha ghafla wote wanatoka anabaki mtu mmoja anaongea. Wimbo mzima ni mlango unaofunguliwa na kufungwa. Halafu kuna ile tabia yake ya kutompa mtu nafasi ya kuchoka. Nota tatu za kinanda mwanzoni mwa wimbo wa Britney, kabla hata neno halijatamkwa, zinatosha kuutambua. Sekunde mbili.

Kuna kipindi aliishiwa, na wanaomwita mashine hukisahau. Cheiron ilifungwa mwaka 2000, yeye na Talomaa wakaanzisha Maratone, lakini zile bendi za wavulana zilikuwa zimechosha watu na simu zikapungua. Kama kweli angekuwa na fomyula, angeendelea kuipiga ileile mpaka ikafa mikononi mwake. Badala yake alikaa na mpiga gitaa wa New York, Dr. Luke, wakisikiliza bendi za roki za wakati ule. Dr. Luke amesimulia kwamba walikuwa wanasikiliza wimbo mmoja wa namna hiyo, ambao husemwa ulikuwa "Maps" ya Yeah Yeah Yeahs, na Max Martin akawa anakereka: wimbo unapanda, unapanda, na kiitikio kikubwa hakiji. Kero ile ndiyo iliyozaa "Since U Been Gone" ya Kelly Clarkson mwaka 2004, magitaa yaleyale makavu kwenye ubeti, kisha kiitikio ambacho wenzake walimnyima, kinalipuka. Kijana wa It's Alive alikuwa amerudi nyumbani, safari hii akiwa na kikokotoo.

Baada ya hapo mlango haukufungwa tena. Katy Perry, ambaye albamu yake ya mwaka 2010 ilitoa nyimbo tano za namba moja kwenye Hot 100, jambo ambalo kabla yake lilikuwa limefanywa na "Bad" ya Michael Jackson tu. Max Martin alikuwa na mkono katika nne kati ya hizo. Pink. The Weeknd, aliyeingia akiwa mwimbaji wa usiku wa manane na kutoka na "Can't Feel My Face", kisha na "Blinding Lights", ambao Billboard mwaka 2021 iliuweka juu ya orodha ya nyimbo kubwa zaidi katika historia nzima ya Hot 100.

Na ndiyo, takwimu. Mwaka 2024 Max Martin alimpita George Martin, mlezi wa Beatles, akawa prodyuza mwenye nyimbo nyingi zaidi za namba moja katika chati hiyo. Kwa watunzi amempita John Lennon, aliyekuwa na 26, na sasa mbele yake yupo Paul McCartney peke yake mwenye 32. Mimi takwimu hizi hunipa kizunguzungu kidogo. Lennon na McCartney waliwekeana ahadi ya kusaini pamoja hata pale mmoja alipotunga peke yake, kwa hiyo hesabu zao zimechanganyika tangu zamani. Max Martin huandika na watu watatu, wanne, watano. Na Billboard siku hizi huhesabu usikilizaji wa mitandaoni, ambako albamu mpya ya nyota mkubwa inaweza kuzijaza nafasi za juu kwa wiki moja. Kumlinganisha huyu na yule ni kama kulinganisha mabao ya mechi za mtaani na ya ligi. Kinachonivutia kwenye takwimu zake ni kimoja: wimbo wake wa kwanza kufika namba moja ulifika Januari 1999, na mwaka 2025 bado alikuwa hapo, na "The Fate of Ophelia" ya Swift. Wanamuziki wachache sana hudumu hivyo. Mwimbaji huzeeka mbele ya watu. Huyu uso wake hata hatuufahamu vizuri.

Huo nao ni uamuzi wake. Mahojiano ni ya kuhesabika kwa vidole, na alipopewa tuzo ya Polar mwaka 2016, ile iliyoanzishwa na meneja wa ABBA, wengi ndipo walipouona uso wake kwa mara ya kwanza. Alichokifanya ni kujaza nyumba na wanagenzi, kama alivyofanyiwa na Denniz. Rami Yacoub alikuwa naye Cheiron kwenye kazi za Britney. Shellback aliingia akiwa mwimbaji wa roki nzito, sawa na bwana wake. Savan Kotecha alitoka Texas. Ilya Salmanzadeh, Oscar Holter. Ukisoma majina madogo chini ya wimbo wowote mkubwa wa Marekani wa miaka kumi na mitano hii, uwezekano ni mkubwa ukutane na mtu aliyewahi kukaa chumba kimoja naye. Kazi hupita mkono kwa mkono: mmoja anatafuta mapigo, mwingine melodi, wa tatu anasikiliza tu na kusema hapana. Mimi ushawishi wake nauona hapo zaidi kuliko kwenye namba moja zake. Aliichukua studio, mahali ambapo roki ilitufundisha kumtafuta fundi mmoja aliyejifungia na maumivu yake, akaigeuza kuwa karakana ya kale, yenye bwana na vijana na nidhamu ya kurudia kazi mpaka ikae.

Ila lazima niseme na linaloniudhi. Karakana ikifanikiwa sana mtaa mzima unaishia kuwa na viti vya namna moja. Kuna miaka, hasa kati ya 2009 na 2013, ambapo niliwasha redio nikashindwa kujua ni nani anaimba, kwa sababu kila kiitikio kilikuwa kinaruka juu mahali palepale na kila sauti ilikuwa imesafishwa mpaka haina mtu ndani. Max Martin hurekodi demo akiziimba mwenyewe, kila mpandisho, kila mguno, na mwimbaji anatakiwa afuate. Waliotoka na jambo lao ni wale waliokuja na ubishi: Swift na kisa chake, The Weeknd na giza lake, Robyn, mwimbaji wa Sweden, ambaye baada ya kuanza naye akiwa binti mdogo alikwenda zake akatafuta njia ya peke yake. Wasiokuwa na ubishi waliimba mizani za mtu mwingine na mizani ikawameza. Utaratibu wenyewe siulaumu. Lakini tusijifanye kwamba kila aliyepita pale alitoka akiwa na sauti yake.

Mwaka 2019, mjini Manchester na kisha London, nyimbo zake ziliingizwa kwenye mchezo wa kuimba wa jukwaani uitwao "& Juliet", ambamo Juliet wa Shakespeare hafi. Mwanzoni kabisa Shakespeare na mkewe Anne wanagombana. Yeye anataka hadithi iishe kwa kifo kama alivyoiandika. Mke anataka binti aamke, aishi. Wanarushiana maneno, na maneno wanayorushiana ni "I Want It That Way". Anataka iwe hivi, naye hataki kusikia akiambiwa iwe hivyo. Kila neno linaingia mahali pake kama ufunguo. Miaka ishirini baada ya wimbo kutoka, "hivyo" imepata inachokirejelea: ni mwisho wa hadithi, nani auandike.

Nilicheka niliposikia, kicheko cha mtu aliyejibiwa swali alilokwisha kulisahau. Kisha usiku ule nikaweka toleo la zamani, la wale vijana watano wa Florida, na kiitikio kilipofika nikajikuta naimba "temi wai" vilevile kama zamani.